Eseri wa Mabeseni

Kutoka kijitoni hadi kanisani ni mwendo mfupi kwa mtu mwenye magoti yake. Eseri hakuwa nayo tena. Alikuwa na magoti ya mtu mwingine, alivyopenda kusema, tena mtu asiyempenda, na asubuhi ile ya Jumamosi yalianza kumuuma alipoinama kujaza dumu la kwanza. Alilipandisha begani, akashika njia ya katikati ya mibuni, akisimama kila alipopata mti wa kuegemea. Chini yake mji wa Bwera ulikwisha amka. Malori ya Mpondwe yalinguruma kwenye foleni ya forodha, na upande wa Kongo bonde lilikuwa bado limejifunika ukungu.

Kanisa lao lilikuwa la matofali ya udongo na bati, juu ya kilima. Kibao cha mlangoni kilisema ni Kanisa la Waliooshwa. Sokoni waliitwa watu wa beseni, basi.

"Mutu wa beseni! Leo umeosha nani?" wachukuzi wa mpakani walimpigia kelele Eseri akipita na vitunguu vyake.

"Nimeosha mama yako, na bado hajatakata," alijibu bila kugeuka, wakacheka, akapita.

Jina lile walilipata kwa haki. Makanisa mengi huosha miguu mara moja kwa mwaka, na mkubwa humwosha mdogo ili unyenyekevu uonekane. Kwa Waliooshwa ilikuwa kila mwezi, kabla ya meza ya Bwana, na hakuna aliyemwosha mtu anayempenda. Ulichukua beseni ukamfuata yule uliye na kinyongo naye, ukapiga magoti, ukamwosha. Naye, miguu yake ikiwa ndani ya maji, ilimpasa aulize: "Nimekukosea nini?" Hapo ulimwambia. Hakulazimika kukubali, wala kuomba radhi. Neno likishasemwa na maji yakishamwagwa, wote wawili waliweza kwenda mezani kula. Asiye na neno na mtu alikwenda moja kwa moja. Mwenye neno asiyeosha hakuketi.

Eseri hakuwa ameketi tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Na kwa kuwa ilihitajika mikono ya kuteka maji na kushika taulo wenzake wakila, na yeye alikuwa amesimama tu, kazi ile ilimwangukia taratibu mpaka ikawa jina lake. Hakuna aliyempa. Vijana waliokulia mle waliamini kwamba kila kanisa duniani lina mwanamke mmoja asiyekula.

Neno lake lilikuwa na kaka yake.

Walizaliwa Bwesumbu, kwenye mteremko ambako mahindi hupandwa kana kwamba yanabandikwa ukutani. Yowasi, mkubwa, alipelekwa shule, akawa katekista wa kanisa kubwa. Eseri aliolewa na Kambale, mchukuzi wa Mpondwe, akamzaa Gorret, kisha binti wa pili. Binti wa pili wa Wakonzo huitwa Biira. Jina hilo humngoja kabla hajazaliwa, kama mkeka uliokwisha kutandikwa. Biira alikufa kwa malaria akiwa ameanza tu kushika kuta na kutembea. Hakuwa amebatizwa, maana kasisi alipanda kilimani wakati wa kiangazi tu, na mvua mwaka ule zilikawia kuondoka.

Yowasi alikuja mazikoni, kitabu kikiwa kimefungwa mkononi. Alisema sala za maziko ni za waliobatizwa, na kwamba hakuiandika yeye sheria ile. Eseri akamwomba basi amwite mtoto kwa jina tu mbele ya kaburi, asiseme lingine. Yowasi akajibu kwamba mtoto asiyebatizwa hana jina kanisani.

"Mutoto iko na jina," Kambale alisema. "Anaitwa Biira."

Yowasi alitazama viatu vyake. Hakulisema.

Aliyelisema ni Tefiro, mhubiri kijana wa watu wa beseni, aliyekuwa akipita kutoka Kongo akasikia kilio. Alivua viatu, akasimama kwenye udongo uliofukuliwa, akamwita Biira kwa sauti kubwa kana kwamba mtoto amepotelea migombani na lazima asikie. Mwezi uliofuata Eseri na Kambale walikuwa watu wa beseni.

Kambale naye alikwisha kufa. Yowasi alipanda vyeo, akawa kasisi, kisha Kanoni, akajenga Kasese mjini. Wakati mmoja Eseri alimfuata huko, beseni limefungwa ndani ya kanga. Kanoni alimkaribisha sebuleni, akaagiza chai na mandazi. Alipoliona beseni alisema kwa upole, "Dada yangu, mimi si wa kanisa lenu. Miguu yangu naiosha mwenyewe." Eseri alikunywa chai. Ilikuwa chai nzuri, ya maziwa mengi. Kisha akarudi Bwera na beseni lake kavu.

Sasa Kanoni alikuwa anakuja mwenyewe.

Ilikuwa kazi ya Tefiro, ambaye siku hizi alikuwa mzee na alihubiri ameketi. Kwa miaka mingi alihangaika ili Waliooshwa wapokelewe katika Baraza, lile linalokusanya makanisa ya ulimwengu na lenye makao yake Ulaya. Hakutafuta ukubwa. Alikuwa amechoka kuitwa polisi kila alipobadilishwa afisa, akaeleze upya wao ni dhehebu la namna gani, wanakutania nini kilimani, na mabeseni yote yale ni ya nini. Alikuwa amechoka kufukuzwa wodini anapokwenda kuwaombea wagonjwa wake, wakati makasisi wengine wakipishwa mlangoni. Ukiwa wa Baraza, aliambiwa, mambo hayo huisha. Na Baraza liliwatuma wageni waje waone, wakiongozana na mtu wa makanisa ya wilaya. Mtu wa wilaya alikuwa Kanoni Yowasi.

Siku mbili kabla, Tefiro alimfuata Eseri nyumbani, akamkuta anamenya mihogo.

"Dada Eseri, Kanoni atakuwepo."

"Nimesikia."

"Kuosha kutakuwepo pia. Wageni wameomba sana tuoshane, desturi hiyo wameipenda. Ila tumepatana kwamba maneno hayatakuwepo. Kila mtu amwoshe jirani yake, kimya, twende mezani."

Eseri aliacha kisu. "Kimya?"

"Unakumbuka wageni wa kwanza wa Baraza walipokuja? Mke wa Kathembo alimwosha mumewe akamtajia yule mwanamke wa Kilembe, na Bright akatafsiri yote mpaka mwisho."

Eseri alicheka bila kutaka. "Huyo Bright hana adabu."

"Adabu anayo. Hana breki." Tefiro naye alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. "Ukimwosha Kanoni mbele yao na kumwambia lile neno, itaonekana tumeliita kanisa kubwa kulihukumu. Ataandika kwamba hatufai."

"Basi nimwoshe nani?"

"Mwoshe Gorret."

"Sina neno na Gorret."

"Ndiyo maana."

Eseri alichukua kisu tena, akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho. "Mchungaji, nimechoka kusimama."

"Najua. Na mimi nimechoka kwenda polisi."

Walikaa pale, wazee wawili na karai la mihogo, hadi Tefiro alipotafuta fimbo yake akaondoka.

Wageni walifika jua likiwa limekwisha pita utosini, magari mawili meupe yenye matope hadi madirishani. Hotuba zilikuwa ndefu. Walikuwa wazungu watatu na Waafrika wawili kutoka mbali, na kiongozi wao alikuwa mama mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, Daktari Hanne, aliyeketi ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kwa shingo. Bright, ambaye siku za kazi alikuwa wakala wa forodha pale Mpondwe na alijua Kiingereza na Kifaransa kama ajuavyo ushuru wa mitumba, alisimama katikati akitafsiri.

Kanoni Yowasi aliketi kiti cha mbele. Alikuwa amenenepa, kisha amekonda tena, na shati lake la ukasisi lilimpwaya shingoni. Alikuwa amemsalimu Eseri mlangoni kwa mikono miwili, mbele ya watu, akamwita dada. Eseri akaitikia. Kisha alirudi kwenye mabeseni yake, akayapanga, akayajaza, na kila alipoinua macho aliviona viatu vyeusi vya kaka yake, vimefungwa kamba kwa mafundo mawili mawili.

Tefiro alitangaza kuosha. Watu walisogea bila furaha, kila mmoja akitafuta mtu asiye na neno naye, na wengi hawakujua hata waanzie wapi. Mke wa Kathembo alimwosha shemeji yake kana kwamba anaosha sufuria. Kanoni aliinama, akavua kiatu cha kulia, akaanza kuhangaika na kamba za cha kushoto.

Eseri alishika jagi. Alijiambia, Gorret yuko pale, mwoshe yaishe. Alijiambia pia, ni kiti kimoja tu, hatua chache. Alikuwa bado anajiambia yote mawili Daktari Hanne alipokuja mbele yake, akamshika mkono kwa heshima, akamketisha kwenye benchi. Akapiga magoti. Akavuta beseni, akavivua viatu vya plastiki vya Eseri kimoja kimoja, akaanza kumwosha miguu. Mmoja wa wageni aliinua kamera.

Hata watoto waliacha kunong'ona. Hakuna aliyewahi kuona mgeni akifika kutoka ng'ambo ya bahari akiwa na kinyongo na mtu wa Bwera.

Lakini Eseri alikuwa amewahi kuoshwa mara nyingi, na wanawake wa sokoni hasa, na mdomo wake ulijua kazi yake. Miguu ilipoingia majini ulifunguka wenyewe.

"Nimekukosea nini?"

Tefiro alifumba macho. Bright alitafsiri. Daktari Hanne aliinua uso, akamtazama Eseri, akamtazama Bright, akasema maneno machache.

"Anasema hujamkosea kitu," Bright alisema. "Anasema ni alama ya upendo."

"Kama hajakosewa, si angekwenda kula!" mwanamke mmoja alisema nyuma, na kicheko kikapita mle ndani kama upepo wa mvua, kicheko cha watu waliobanwa muda mrefu.

Daktari Hanne hakucheka, wala hakukasirika. Aliuliza jambo, na Bright, kwa kukosa breki, akamweleza desturi yote, mikono ikienda huku na huku. Mama yule alisikiliza akiwa bado amepiga magoti, maji yakimchuruzika viwikoni. Kisha akauliza tena, taratibu, akimtazama Eseri na si Bright.

"Anauliza," Bright alisema, na safari hii sauti ilimpungua, "wewe ungemwosha nani?"

Eseri aliona uso wa Tefiro. Aliona wodi na kituo cha polisi usoni mle.

"Maji haya yameosha bure," alisema. "Kwetu hayatumiki tena. Naenda kuteka mengine."

Alivaa viatu, akachukua dumu, akatoka.

Kijitoni aliketi. Hakulia, aliketi tu, kama mtu aketivyo akiwa amechoka, mikono mapajani. Wingu zito lilikuwa limeshuka kutoka milimani, na upepo uligeuza majani ya migomba yakaonyesha upande wake mweupe. Alifikiri kwamba angeweza kukaa pale mpaka waondoke, na mwezi ujao angesimama tena na taulo lake, na mwezi wa baadaye, na siku moja angebebwa kuingizwa mle kanisani bila kuwa ameketi. Hakuna mtu ambaye angeona ajabu. Fikra hiyo haikumtia hasira. Ilimchosha tu zaidi ya dumu. Akalijaza.

Alipofika juu, watu walikuwa wamekwisha kula. Wageni walikuwa wameharakishwa kwa ajili ya mvua na barabara, meza ikakaribishwa upesi, na sasa milango ya magari ilikuwa ikifungwa. Kwenye gari la pili, kiti cha nyuma, Kanoni Yowasi alikuwa ameketi na kamba za kiatu cha kushoto bado hazijafungwa.

Eseri aliingia kanisani, akachukua beseni lililo karibu, akatoka nalo hadi mlangoni mwa gari.

"Mama," dereva alisema. Jina lake lilikuwa Sam, na alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa dereva. "Gari iko na haraka. Mvua inakuja."

"Na mimi niko na haraka, afande."

Aliliweka beseni chini, akamimina maji, akaufungua mlango mwenyewe.

"Eseri," Kanoni alisema kwa sauti ya chini. "Si hapa."

"Ni wapi basi? Kwako nilikuja, ukanipa chai."

"Watu wanatazama."

"Siku ile pia walitazama."

Injini ilikuwa ikinguruma. Watu walikuwa wametoka wakasimama chini ya upenu, na Tefiro mbele yao, mkono kifuani. Hakumwita Eseri. Kwenye kiti cha mbele cha gari lile alikuwa ameketi Daktari Hanne. Hakugeuka nyuma. Alisema neno moja kwa Kiingereza, na Sam akazima gari.

Kimya kilikuja ghafla, na ndani yake matone ya kwanza yalisikika yakigonga majani ya mibuni.

Kanoni akageuka kwenye kiti, taratibu, mkono umeshika mlango, akatoa miguu nje. Eseri alipiga magoti kwenye kokoto. Maumivu yalimpanda hadi kiunoni. Akamvua kiatu, akamvua soksi, kisha kiatu cha pili. Ilikuwa miguu ya baba yao, kidole cha pili kimelala juu ya kile kikubwa, na hakuwa ameikumbuka hadi alipoiona. Akaiingiza majini. Akaosha mguu mmoja, akaosha wa pili, akarudia wa kwanza. Haikuruhusiwa kumkumbusha mtu swali. Akaendelea kuosha.

Tone lilianguka ndani ya beseni, na jingine.

"Nimekukosea nini?" Kanoni alisema. Alilisema kwa Lukonzo, lugha ya nyumbani, bila kuinua macho.

Eseri alikuwa na hotuba. Aliitunga miaka yote ile akipanda na kushuka na dumu, ilikuwa na kasisi wa kiangazi ndani yake, na kitabu kilichofungwa, na Kambale alivyouchimba udongo peke yake. Aliitafuta sasa, asiipate. Ilikuwa imelika kama sabuni.

"Hukumwita Biira," alisema.

Maji yalitulia.

"Sheria ilikuwa ile," kaka yake alisema. "Sikuwa na mamlaka. Ningeulizwa leo, sijui kama ningesema tofauti. Sitaki kukudanganya."

"Usinidanganye. Sikukuuliza kitu. Nimesema tu."

Alimkausha kwa upindo wa kanga, maana taulo lilikuwa ndani. Kanoni alivaa soksi juu ya unyevu. Akanyoosha mkono ili amsaidie kusimama, na kwa uzito wao wote wawili nusura aanguke nje ya gari.

"Magoti," Eseri alisema.

"Na mimi pia."

"Ya baba yalikuwa mazuri."

"Sisi tumerithi vidole tu," Kanoni alisema, na hapo akavuta miguu ndani, akafunga mlango. Sam aliwasha gari. Kupitia kioo kilichojaa matone Daktari Hanne aliinua mkono kidogo, wala haikuwa ishara ya kuaga hasa. Magari yakashuka taratibu, yakiteleza kwenye matope ya kona ya kwanza.

Eseri aliyamwaga maji kwenye mzizi wa mbuni, akaingia ndani.

Meza ilikuwa bado haijaondolewa. Juu yake kulikuwa na sahani yenye vipande vya bundu, ule ugali wa muhogo wanaoutumia badala ya mkate, na kikombe cha maji ya pasheni kilichobaki nusu. Tefiro alikuja nyuma yake, akiburuta fimbo.

"Sijui wataandika nini," alisema.

"Wataandika watakavyoandika."

"Huenda umetukosesha Baraza."

"Huenda." Alimtazama. "Una neno nami, Mchungaji? Niketi unioshe?"

Tefiro alifikiri, kwa haki, kama mtu anayepekua mfukoni. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, ikabidi apaze sauti.

"Leo sina nguvu za kuinama," alisema. "Nitaangalia mwezi ujao." Akachukua sahani kwa mikono miwili, akamnyooshea.

Eseri aliketi. Benchi lilikuwa la chini kuliko alivyodhani miaka yote akilitazama kutoka juu. Bundu lilikuwa limepoa na kuwa gumu pembeni, na maji ya pasheni yalikuwa machungu kidogo. Alikuwa amedhani kwamba siku akila kitu fulani kitafunguka kifuani. Alitafuna. Kilichomjia ni usingizi tu, mzito na mwema, kuanzia miguuni.

Gorret alipita akikusanya taulo zilizolowa. Alisimama mbele ya benchi, akamwona mama yake ameketi.

"Mama, mabeseni je? Nani atayaosha?"

"Wewe," Eseri alisema, mdomo ukiwa umejaa, akanyoosha miguu yake mbele, akaegemea ukuta.